Aliyesomea Uwakili Temeke

Pale Temeke, wakati wa Mwingereza, tulikuwa na mtu aliyesomea kazi ambayo kwa mtu mweusi ilikuwa haijawa kazi. Mawakili walikuwapo mjini, Wahindi kwa Wazungu, na vibao vyao vya shaba viling'aa barabarani, lakini wa rangi yetu mie sikuwahi kumwona hata mmoja. Yeye alikuwa anajiandaa. Alijiandaa asubuhi, alijiandaa akila, alijiandaa akiwa kwenye foleni ya bomba na ndoo yake mkononi. Tulimwita Mwanafunzi, ingawa wenzake wa rika lile walikwisha kuwa na watoto wa kuwatuma dukani, naye aliitika bila kinyongo, kana kwamba ni cheo.

Tulikaa nyumba moja, ya Bi Zuhura, chumba chake kikitazamana na changu, korido katikati. Mie shule niliiacha darasa la nne. Hakuna aliyenifukuza, nilichoka kukaa. Tangu hapo nimekuwa kuli Kurasini, utingo wa lori la mkonge, msaidizi wa mpishi katika meli ya kwenda Lindi na Mtwara, na mengine ambayo hayana jina. Kila nilipoondoka Bi Zuhura alisema, "Huyu harudi," na kila niliporudi alinipa chumba kile kile na kunisengenya mbele yangu. Kwa hiyo Mwanafunzi nilimjua kwa vipande. Nilimwacha yuko ukurasa fulani, nikarudi nikamkuta ukurasa mwingine wa kitabu kile kile. Nami ni mtu wa kuuliza. Nilimwuliza mengi, mengi alinijibu, na majibu yake karibu yote yalinikera.

Kazi ya kumlisha ilikuwa ukalimani katika mahakama mjini. Alitoka Temeke kwa baiskeli, miguu ya suruali kaibana kwa vibanio, koti kalikunja kwenye kapu la mbele lisishike vumbi. Alinifundisha kwamba mkalimani wa kweli hasemi, "Huyu anasema aliiba." Anasema, "Niliiba." Maneno ya mtu anayavaa kama yalivyo. Basi siku yoyote ya kazi alikuwa akisimama mbele ya hakimu Mzungu na kukiri kwamba ameiba kuku, amempiga shemeji yake, ameuza gongo, halafu jioni anarudi nyumbani na ndizi zake mbivu kama mtu mwema.

Chumba cha mbele alikaa Paskali, karani wa bandarini, mtu wa bara, mpenda utani. Jioni humsubiri Mwanafunzi barazani.

"Leo umeua au umeiba tu?"

"Leo nilikuwa mlevi, kaka. Nimetozwa faini."

"Pole. Na juzi umetoka jela. Unatutia aibu humu nyumbani."

Mwanafunzi alicheka, lakini akishacheka huanza kueleza kesi, na hapo ndipo mie damu ilianza kunichemka. Alikuwa ameona kila kitu. Ameona shahidi aliposema gari lilikuwa na taa, kisha akasema hakumwona dereva kwa sababu ya giza. Ameona mshitakiwa, Mzaramo wa Mbagala asiyejua hata anashitakiwa nini, alipopewa nafasi ya kuuliza maswali akasema, "Sina swali, bwana mkubwa, nashukuru." Na swali lilikuwapo, moja tu, la kumfungulia mlango.

"Nawe ukanyamaza?"

"Mkalimani hana swali."

"Lakini uliliona."

"Niliona kama mkalimani. Siku nitakayoona kama wakili, nitasema."

Yule Mzaramo alifungwa. Mwanafunzi alikula ugali wake akiwa amesimama, kwa sababu alikuwa amesoma kwamba wakili husimama saa nyingi, na miguu nayo ni lazima isomeshwe.

Namna alivyofika hapo alinieleza kidogo kidogo. Alikuwa miongoni mwa wachache waliopelekwa chuo kikuu kule Uganda. Sheria haikufundishwa pale. Lakini alikuwa amepata kijitabu cha maelekezo kutoka Uingereza, kikisema kwamba anayetaka uwakili, kabla hajaigusa sheria yenyewe, ajifunze kusoma jambo refu bila kuchoka, kuandika jambo gumu bila kulipotosha, na kupanga hoja zikapangika. Akachagua masomo yake yote kwa kipimo hicho. Akasoma historia, kwa kuwa sheria ni watoto wa mambo yaliyopita. Akasoma Kiingereza mpaka wenzake wakamwogopa. Kwenye mijadala ya wanafunzi aliomba awekwe upande unaoshindwa, kila mara, ajizoeze. Siku moja mkuu wa chuo akamwita, akamwuliza anataka kuwa nani. Akajibu. Mkuu akamwambia kwa upole, kama daktari anavyosema na mgonjwa, kwamba nchi yetu ina haja ya walimu, matabibu na mabwana shamba. Mawakili watakuja baadaye.

"Baadaye lini?" nilimwuliza mie.

"Hakusema."

"Na wewe hukumwuliza?"

"Niliona si adabu."

Ufadhili wake ulitaka amalizie kwa mwaka wa ualimu. Akaukataa. Hilo nalo ni jambo la kushangaza kwake, maana sijapata kumwona akikataa kitu kingine mbele ya mkubwa. Akarudi Dar es Salaam na elimu ya maandalizi matupu. Ni kama mtu aliyejenga baraza nzuri, ya saruji, yenye nguzo, na nyuma yake hakuna nyumba.

Mtu asije akadhani alikuwa mkavu. Alipenda watu wagombane. Ugomvi ukizuka uani, wengine tunakwenda kuamua, yeye anakwenda kuleta kigoda. Alikuwa na desturi yake moja: kabla hajasema lolote, humtaka kila mgomvi atetee upande wa mwenzake. Alisema hiyo ndiyo njia ya kujua kama mtu ameielewa kesi yake.

Mara moja jogoo wa Bi Zuhura aliingia kwenye mchicha wa jirani, Mama Saidi, akauchakura wote. Mama Saidi akamfunga jogoo miguu, akaapa hamtoi. Mwanafunzi akaweka kigoda, akamwambia Bi Zuhura asimame, aseme kama yeye ndiye Mama Saidi. Bi Zuhura kwanza alikataa, akasema huo ni uchuro. Lakini alikuwa mwanamke wa taarabu, na akianza hana breki. Alisema ya mchicha uliopandwa kwa maji ya kuteka kichwani. Alisema ya jirani asiyefunga mifugo yake, mwenye kuku wasio na adabu kwa kuwa mwenye kuku mwenyewe naye hana. Watu walipiga vigelegele. Alipomaliza, Mama Saidi akainuka, akamchukua jogoo kwa miguu.

"Ahsante, shoga. Umekiri mwenyewe, na mashahidi mpo."

"Nimekiri nini? Nilikuwa nasema maneno yako!"

"Ndiyo hayo. Na ni ya kweli."

Jogoo akaliwa siku ile ile, na harufu ikavuka ua. Bi Zuhura hakusema na Mwanafunzi mpaka mwezi wa mfungo ukaandama. Mwanafunzi aliona kila kitu kilikwenda sawa. "Hoja ilikuwa nzito," aliniambia. Nilitaka kumpiga kwa kigoda chake.

Lakini ni yeye aliyenifundisha kuuliza, "Nani kasema, na alijuaje?" Nilikuja kukamatwa huko Tanga, msimamizi wa shamba akidai nimeiba kamba, na maneno hayo ndiyo yaliyonitoa. Niliporudi nikamwambia. Alifurahi sana, akataka nimsimulie tena, safari hii kwa upande wa msimamizi.

Kilichonichosha zaidi ni alivyolitunza jina lake. Kile kijitabu kilisema mwombaji awe mtu wa tabia njema, ashuhudiwe na watu wenye heshima. Sentensi moja tu, lakini aliigeuza dini ya pili. Hanywi, hachezi ngoma, hapazi sauti, kodi ya kichwa analipa wa kwanza. Chama cha kudai uhuru kilipoanza, nusu ya Temeke ilikuwa na kadi, wengine wakizificha chini ya godoro kwa kuwa watumishi wa serikali walikatazwa. Yeye hata mkutanoni hakupita karibu. Alizunguka njia ya Chang'ombe na baiskeli yake.

Kisha wakaja watu wa ardhi kupigilia vigingi vya kuonyesha nyumba zitakazovunjwa, na safu yetu ilikuwamo. Wazee wakaandika barua ya malalamiko kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Wakamletea Mwanafunzi aisahihishe. Aliisahihisha mpaka ikawa haitambuliki. Yale malalamiko ya kulialia yakawa maswali, kila swali limeshika koo. Paskali alipoisoma kwa sauti barazani, mzee mmoja alisema, "Hii sasa tukiipeleka si watatufunga?" Wote wakatia saini, wengine vidole gumba. Mwanafunzi akairudisha kalamu mfukoni bila kutia yake.

"Mwanangu," Bi Zuhura akamwambia, "umenipikia, umenipakulia, mbona hunawi?"

"Bi Zuhura, mie jina langu nalitunza."

"Unamtunzia nani?"

Safu yetu ikaachwa, ya nyuma yetu ikavunjwa. Watu walimshukuru. Mie sikumshukuru, nilimwuliza kama wakili anaweza kufanywa na woga. Akasema huo si woga, ni subira. Nikamwambia kwa mtu anayetazama kutoka nje, hivyo viwili vinavaa kanzu moja. Akakubali kwamba hoja ile ilikuwa nzuri.

Sasa nije kwenye Kilatini, kwa sababu hicho ndicho kilichomkalia kooni, na hata leo nikikumbuka huwa nasema peke yangu njiani.

Mjini kulikuwa na wakili Mhindi, mzee wa miwani, aliyempenda kwa jinsi alivyotafsiri bila kuongeza wala kupunguza. Akamwambia, "Nitakuandikia London. Watu wa makoloni wanapokewa. Lakini kuna mtihani wa kuingilia, na katika mtihani huo kimo Kilatini." Nauli Mwanafunzi alikuwa anaiweka tangu atoke chuoni. Basi maisha yake yote yakawa yamening'inia kwenye lugha hiyo moja. Akiipata, anakwenda kuwa wakili. Akiikosa, anabaki kukiri wizi wa watu mpaka uzee.

Kilatini Dar es Salaam alikijua nani? Mapadri. Na Mwanafunzi alikuwa Mwislamu, mswalihina, tena mchumba wa Mwanahawa, binti wa Maalim aliyekuwa na chuo cha Kurani mtaa wa pili. Posa ilikwisha pokewa. Akamwendea padri mmoja mzee wa misheni ya Kurasini, akamweleza shida yake, na padri akakubali kumfundisha Jumamosi.

Kila alfajiri, akishaswali, alikuwa uani anatembea huku na huku akikariri, "Mensa, mensa, mensam." Siku ya kwanza tulidhani ana homa. Paskali, ambaye alikuwa Mkatoliki, akatoka na mswaki mdomoni, akasikiliza, akasema kwa nia njema kabisa, "Ah, hayo ndiyo maneno ya padri altareni." Hakusema zaidi ya hapo. Hakukuwa na haja. Jua halijapanda, Temeke yote ilikuwa imeshambatiza Mwanafunzi, na wengine walikuwa wanabishana amepewa jina gani.

Maalim akaja jioni, taratibu, na fimbo yake. Tukamwamkia shikamoo, akaketi.

"Nasikia unasoma sala za watu."

"Si sala, Maalim. Ni meza."

"Meza."

"Neno lenyewe maana yake meza."

"Unaamka alfajiri kusema meza, meza, meza?"

"Ndiyo, Maalim."

"Ili iweje?"

"Ili niwe wakili."

Maalim akafikiri. "Wakili wa maseremala?"

Paskali ilibidi aingie ndani kuchekea huko. Lakini Maalim hakuwa anatania. Alisema watu wanasema, na binti yake ana masikio, na yeye ana wanafunzi ambao wazazi wao wana midomo. Aache Kilatini au aache posa. Mtu mwingine angelia, au angeapa. Mwanafunzi alitafuta dawa ya kisheria. Alimwambia, "Maalim, huwezi kuhukumu usichokiona. Njoo ushuhudie." Akamwalika misheni.

Na Maalim, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaenda. Mie niliwafuata, hilo nisingelikosa hata kwa mshahara. Padri aliwapokea vizuri, kwa Kiswahili cha ndevu nyeupe, akampa Maalim kiti barazani karibu na dirisha ili asiingie ndani asikotaka kuingia. Somo likaanza. Padri anaeleza kwamba neno hubadilika mwisho wake kufuatana na kazi yake, likiwa mtenda hivi, likiwa mtendwa hivi. Maalim, ambaye alikuwa akivuta tasbihi na macho yake yako mbali, akageuka.

"Kama Kiarabu," akasema dirishani.

"Unasemaje, Sheikh?" padri akauliza.

Basi. Wale wazee wawili wakashikana. Huyu anatoa neno, yule anatoa neno, kila mmoja anamwonyesha mwenzake jinsi mwisho unavyopinda. Maalim hakuwa amepata mtu wa kuzungumza naye nahau, ile elimu ya sarufi, tangu shekhe wake wa Kilwa afariki, na padri nadhani alikuwa na upweke wa namna hiyo hiyo. Mwanafunzi alikaa katikati, kalamu mkononi, siku ile hakusomeshwa hata neno. Ikaletwa kahawa. Maalim akanywa. Njiani kurudi alikuwa kama kijana. Alisema, "Lugha ile ina nidhamu. Soma. Mwanahawa ni mkeo." Nakumbuka Mwanafunzi alinitazama kwa namna ya kusema, unaona? Watu wakielezwa, wanaelewa.

Lakini barabara ya misheni ndiyo njia ya makuli wanaotoka bandarini, na makuli walikuwa wamepita, na walichokiona ni Maalim wa Kurani ameketi baraza ya padri, kanyanyua kikombe, padri kamwinamia. Kikombe cha padri kina nini? Kila mtu Temeke alijua. Kina divai. Habari ilitangulia kufika. Swala ya alasiri ilimkuta Maalim ameshanyweshwa, na ya magharibi ilimkuta ameshakula na mkate wake. Kesho yake nusu ya watoto hawakuja chuoni, keshokutwa wakabaki wanawe mwenyewe na mtoto wa dada yake.

Alijaribu kueleza. Alisimama msikitini akasema ilikuwa kahawa. Mtu mmoja nyuma akauliza, kwa heshima sana, "Maalim, na ulikwenda kufanya nini?" Akasema alikwenda kusikiliza Kilatini. Hapo ikawa mbaya zaidi.

Shangazi yake Mwanahawa ndiye aliyeletwa kurudisha posa, na kila kitu kilirudi, hata kopo la halua ambalo halikuwa limefunguliwa. Maalim mwenyewe alikuja baada ya siku chache, akamshika Mwanafunzi mkono, akasema, "Mwanangu, najua na wewe unajua. Lakini nina watu wa kulisha." Mwanafunzi akamjibu, "Una haki, Maalim."

Nilimngoja aingie chumbani, nikaingia nyuma yake.

"Ana haki? Wewe je?"

"Amepima madhara. Mtu mwenye busara hupima."

"Na Mwanahawa amepimwa wapi?"

Alifungua kitabu. Nilikiona kidole chake hakikai kwenye mstari. Akasema, "Mtihani uko karibu," nami nikatoka kabla sijasema neno ambalo lisingerudi.

Angalau Kilatini kingebaki, mtu angesema. Padri alihamishiwa bara, huko Mahenge, pengine kwa sababu za kwao, pengine kwa kuwa fununu zilifika mpaka kwa wakubwa wake. Siku ya kuagana alimwambia Mwanafunzi, "Umesoma kwangu muda wote huu, na hujaniuliza hata swali moja juu ya Mungu." Mwanafunzi alijibu kwamba mtihani haukuwa na swali hilo. Mie nilipohadithiwa nilicheka mpaka nikakohoa, lakini yeye alisema padri alionekana mwenye huzuni, na kwamba pengine alipaswa kuuliza hata moja, kwa adabu. Aliyekuja baada yake hakuwa na nafasi. Mwanafunzi akaufanya mtihani na Kilatini cha nusu. Masomo mengine alipita vizuri, Kilatini kikamwangusha. Mwanahawa akaolewa na fundi cherehani wa Kilwa Kivinje. Mwanafunzi alikwenda harusini, akala, akarudi akaanza kitabu upya kutoka ukurasa wa kwanza.

Hapo nikaondoka. Sikuweza kumtazama. Kuna watu ukiwaona wanapigana na ukuta unapenda uwasaidie, na wengine unapenda uwavute shati. Yeye alikuwa akiubishia ukuta hodi, kwa heshima, na kungoja ujibu.

Nilikaa Mombasa muda mrefu. Niliporudi, Mwingereza alikuwa bado yupo lakini anazungumza kama mgeni anayetafuta viatu vyake mlangoni. Kwenye treni nilisikia watu wakisema kwamba serikali imegundua nchi haina mawakili wake, kwa hiyo zimetoka nafasi za kupeleka Waafrika ng'ambo kusomea sheria, gharama zote juu ya serikali. Moyo wangu uliruka kama wa mzazi. Nilikwenda Temeke moja kwa moja na mzigo wangu, nikiwa nimejiandaa kuambiwa ameshaondoka, na kuwaambia wote kwamba mie nilijua.

Nilimkuta bombani. Ilikuwa alasiri, wanawake wamejaa na ndoo zao, naye katikati yao, katika suti ya kijivu niliyokuwa sijaiona, tai imelegezwa, viatu kavishika mkono mmoja, anaosha miguu. Masharubu yalikuwa na mvi. Wanawake walikuwa wamempisha, wamenyamaza, jambo ambalo bombani halitokei.

"Shikamoo," nilimwambia, nami sikuwahi kumwamkia hivyo kabla.

"Marahaba. Umerudi."

"Mbona kwa miguu? Baiskeli?"

"Ipo. Nilitaka kutembea."

Alikuwa ametoka mjini, kwenye usaili wa zile nafasi. Alinieleza huku anasugua udongo katikati ya vidole, kwa sauti ile ile ya kueleza kesi ya mtu mwingine. Walikuwa watu watatu nyuma ya meza. Walimpokea vizuri. Walisoma karatasi zake za chuo, wakatikisa vichwa, wakasema ni nadra kuona maandalizi kama yale. Kisha mmoja akamwuliza umri.

"Wanataka vijana," akasema. "Watakaotumikia miaka mingi."

"Na Kilatini?"

"Nilikwisha kufaulu. Mara ya mwisho nilifaulu vizuri, ila ada za mtihani zilikwisha kula nauli."

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Wakasema siku hizi hakitakiwi."

Mie, ambaye nimemkera mtu huyu kwa maswali tangu siku ya kwanza, nilisimama na mzigo wangu begani nikitazama maji.

Akafunga bomba. "Nikwambie nilichokuwa nakiwaza miaka yote hii?" akasema. "Niliwaza kwamba nikijiandaa sawasawa, nikawa sina hata doa moja, yule aliyeshika mlango ataona haya kunifungia. Leo nimemtazama usoni. Haya hana. Wala ubaya hana. Hakujua kama mlangoni pana mtu."

Bi Zuhura alikuwa anatoka kwenye nyumba, amekuwa mzee, anatembea kwa kushika ukuta. Hakuniona hata mie. Alimtazama yeye, suti na miguu mitupu.

"Wamekupa?"

"Hawakunipa, Bi Zuhura."

"Wamesema nini?"

"Wamesema nimechelewa."

"Umechelewa," alisema Bi Zuhura. Akavuta ndoo ya mtu, akaigeuza, akaketi juu yake. Na kutoka hapo, bila kupaza sauti, akaanza kuwatukana. Aliwatukana wale watatu na meza yao. Aliwatukana waliowatuma, na meli iliyowaleta, na mama aliyewazaa, akaenda huko ambako mwanamke wa pwani haendi ila kwenye unyago, wanaume hawapo. Wanawake waliweka khanga mdomoni. Mwanamke mmoja alisema, "Bi Zuhura, jamani, Mwanafunzi mwenyewe yupo." Nami nilimtazama Mwanafunzi, nikijua kwamba maneno kama hayo huwa anayakimbia, na kwamba sasa atasema yatosha.

Alikuwa amesimama wima, viatu mkononi, maji yanamtiririka miguuni, anasikiliza kwa makini sana.

"Hilo la mwisho, Bi Zuhura," akasema. "Lirudie."

Akalirudia.